Tufani ya Safar: Upepo Uliokuja Nje ya Hesabu

Katika Kiswahili cha pwani pepo hazitajwi ovyo. Kila upepo una jina lake, na kila jina lina miezi yake. Kaskazi huja Desemba na kukaa hadi Machi, nao ndio ulioleta majahazi ya Maskati, Sur, Hadhramaut na Kachi. Kusi huanza kuvuma Aprili, na ndio uliowarudisha wageni kwao. Baina ya hizo mbili kuna siku za maleleji, ambazo mabaharia huziita tanga mbili, kwa kuwa upepo haujajua bado uelekee wapi na chombo huweza kwenda huku na huku. Matlai hutoka mashariki. Umande hutoka barani alfajiri, ukamsukuma mvuvi nje kabla jua halijapanda. Mpenzi wa mashairi amezoea kuyaona majina haya kama mafumbo ya mapenzi na ya siasa, hata huenda akasahau kwamba kwanza yalikuwa majina ya kazi, na kwamba kwa kuyafuata watu walipanga ndoa, wakalipa madeni na kuagana.

Hesabu yenyewe ilishikwa kwa Nairuzi. Mwezi mwandamo wa Kiislamu hauwezi kumwongoza nahodha, maana huzunguka misimu yote. Ramadhani huja leo katika kaskazi na baada ya miaka ikaja katika kusi. Kwa hiyo wazee wa bahari walihesabu mwaka wa jua wa siku 365, kuanzia Siku ya Mwaka, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kila mwongo ulikuwa na habari yake: mwongo huu bahari hufungwa, huu kusi hukaza, huu chombo cha kwenda Bara Hindi kisichelewe kutweka. Ilikuwa elimu ya vizazi, na si haki kuiita dhana. Kwa mamia ya miaka maelfu ya watu walivuka bahari kwa kuitegemea, na walio wengi wakafika.

Ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kuitazama siku ambayo hesabu hiyo haikufaa kitu.

Katikati ya Aprili bandari ya Unguja ilikuwa imejaa, na lazima iwe hivyo. Wageni wa kaskazi walikuwa wamekwisha kuuza tende zao, chumvi, papa na nguo, wamekwisha kupakia karafuu, boriti na pembe, na sasa walikuwa wakingoja kusi itulie katika mwendo wake ili watweke. Baghala, betela na mitepe zilikaa kwa nanga mbele ya Shangani na Malindi. Pamoja nazo zilikuwapo merikebu za Sultani Sayyid Barghash bin Said, aliyekalia kiti Oktoba 1870 baada ya nduguye Majid kufariki. Bandari hiyo iko upande wa magharibi wa kisiwa, nayo ilisifiwa kwa amani yake. Kisiwa chenyewe huikinga na mawimbi ya bahari kuu. Nahodha aliyeweka nanga hapo alijiona amefika nyumbani hata kama kwao ni Sur.

Jumatatu tarehe 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijra, tufani iliipiga Unguja. (Wapo waliokwisha kuuogopa mwezi wa Safar tangu zamani, mwaka huo hawakuhitaji kutafuta ushahidi.) Mvua ya masika ilitazamiwa, na mawingu meusi kutoka kusini yalitazamiwa pia. Lakini upepo ulioviringika na kung'oa mikarafuu, minazi na mapaa ya nyumba haukuwamo katika mwongo wowote.

Sababu yake inajulikana leo vizuri kuliko ilivyojulikana siku hizo. Tufani kubwa za Bahari ya Hindi hulishwa na maji ya joto, lakini joto peke yake halitoshi. Pepo zinazokimbilia mahali pamoja lazima zipindishwe ili zizunguke, na anayezipindisha ni dunia yenyewe kwa kujizungusha kwake. Nguvu hiyo ya kupinda ni kubwa mbali na ikweta na hufifia kadiri mtu anavyoikaribia. Ndiyo maana Madagascar, Msumbiji na visiwa vya Mascarene huzijua tufani kama jirani mkorofi, ilhali Unguja, iliyo kwenye nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, huishi pembezoni kabisa mwa himaya yao. Si kwamba haziwezi kufika. Hufika mara chache kiasi kwamba anayeiona moja anakuwa amekufa zamani kabla nyingine haijaja, naye hana wa kumwachia elimu hiyo.

Kuna jambo jingine la kutisha zaidi, nalo ni namna tufani inavyomdanganya baharia. Upande huu wa ikweta, pepo za tufani huzunguka kama akrabu za saa. Kitovu chake kinapokuja kutoka baharini mashariki, upepo unaotangulia hutoka kusini. Nahodha wa Aprili anangoja nini, kama si upepo wa kusini? Huuona ukianza, huuona ukizidi, na kila alichofundishwa humwambia kwamba ni kusi iliyokuja kwa hasira. Kitovu kikimpitia juu ya kichwa, huja shuwari ya ghafla, na mtu hudhani salama imerudi. Kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili, kutoka kaskazini, na nanga zilizotupwa kwa kumkabili adui wa kwanza huwa hazifai kwa wa pili. Misimu miwili ambayo kwa kawaida hugawana mwaka mzima huwa imepita katika mchana mmoja.

Siku ile ilipokwisha, takriban vyombo vyote vilivyokuwamo bandarini vilikuwa vimezama, vimevunjika au vimetupwa pwani. Merikebu za Sultani ziliangamia. Wanaoitaja siku hiyo huitaja Abydos, meli ya moshi ya Kiingereza, kuwa ndiyo iliyostahimili. Nyumba za udongo na makuti zililala chini, na za mawe nyingine hazikusalimika. Ng'ambo ya pili, huko Bagamoyo, majengo ya misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 yalibomoka, ikabidi mapadri waanze karibu upya. Habari hizi hazikuweza kutoka kisiwani ila kwa chombo, kwani waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden haukufika Unguja mpaka mwaka 1879. Kwa muda, basi, dunia haikujua. Na nahodha aliyekuwa njiani kuja Unguja alikuja akitarajia bandari aliyoiacha.

Wakati huohuo palikuwa na msafara ukishuka kutoka bara. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amemwona David Livingstone huko Ujiji mwaka uliotangulia, wakaenda pamoja Unyanyembe, na tarehe 14 Machi 1872 wakaagana. Stanley akashika njia ya pwani akiwa na wapagazi wake na askari chini ya Sidi Mubarak Bombay, mtu ambaye alikwisha kuwaongoza Burton na Speke zaidi ya miaka kumi kabla. Msafara ulikuwa na haraka. Mzigo uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa sanduku lenye barua na daftari za Livingstone.

Stanley alizijua mvua za masika. Mwaka 1871, akiwa anakwenda bara, zilimkuta papo hapo katika bonde la Mkata na kumuulia wanyama na watu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mvua ya Aprili ilimshtua. Kilichomshtua ni kiasi chake. Mto Mkondoa na vijito vyake vilikuwa vimeacha kingo zao, na nyika ambayo msafiri huivuka kwa siku moja au mbili ilikuwa imekuwa ziwa. Katika kuvuka mmoja wa mito hiyo ilitokea ile habari ambayo kitabu cha Stanley kiliichorea picha na ambayo imesomwa na watu wengi kuliko habari nyingine yoyote ya safari ile ya kurudi: kijana Rajabu, akiwa na sanduku la barua kichwani, alitumbukia katika shimo la maji hadi shingoni, na bwana wake, akiwa ukingoni, akamwelekezea bastola na kumtisha kwamba akiliangusha atampiga risasi. Kijana hakuliangusha. Alilifikisha ng'ambo, kisha akanyang'anywa kazi hiyo, akapewa mtu mwingine.

Stanley aliisimulia habari hiyo kama mzaha, na wasomaji wake wa London na New York waliipokea kama mzaha. Msomaji wa pwani huenda akaisoma kwa jicho jingine. Ukingoni alikuwapo mtu mmoja mwenye bastola, mkavu. Ndani ya maji walikuwamo watu wengi waliokuwa wakifanya safari yenyewe. Elimu ya kupima kina kwa fimbo, ya kufunga kamba za miti na kuwavusha wasiojua kuogelea, ilikuwa yao. Majina yao machache tu ndiyo yaliyobaki, na jina la Rajabu limebaki kwa sababu ya kutishwa.

Huko Rehenneko, kwenye ukingo wa nyika iliyofurika, msafara ulilazimika kupiga kambi siku kumi hivi, ukingoja mvua ipungue, na haukuondoka mpaka tarehe 25 Aprili. Hesabu ya siku ni rahisi: tufani ya Unguja ilipiga wakati msafara umekwama katika majira hayo hayo ya maji, na watu wa kambini hawakujua. Walipofika chini ya milima ya Uluguru, ndipo walipoona kazi ya maji. Simbamwene, mji wenye boma la mawe uliojengwa na Kisabengo na kutawaliwa baada yake na binti yake, mji ambao mwaka uliotangulia Stanley aliusifu kwa kuta na minara yake, ulikuwa umepigwa na mafuriko ya mto Ngerengere. Sehemu ya ukuta ilikuwa imechukuliwa, na nyumba pamoja nayo. Bondeni vijiji vilikuwa vimefutika, mashamba yamefunikwa mchanga, na miti mikubwa imelala kama mabua. Watu waliosalia walisimulia waliopotea usiku wakiwa usingizini.

Siku chache mbele, wakiwa karibu na pwani, ndipo walipokutana na uvumi. Upepo, watu walisema, umeifuta Unguja. Hakuna nyumba iliyosimama wala merikebu iliyobaki. Na Bagamoyo na Winde zimepatwa vivyo hivyo. Uvumi ulizidisha, kama uvumi wa njia za misafara ulivyozoea kuzidisha, lakini safari hii haukuzidisha sana. Mtu aweza kufikiri jinsi habari hiyo ilivyosikika katika masikio ya wapagazi wenye wake na watoto Ng'ambo. Stanley aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei na Unguja siku iliyofuata, na kitabu chake kinageukia mara moja mambo yake na Waingereza waliokuja kumtafuta Livingstone wakiwa wamechelewa. Hao nao walikuwa wamefika Unguja mwezi Machi kwa meli hiyo hiyo ya Abydos.

Mashambani hasara ilikuwa ya namna nyingine. Mkarafuu si mti wa kisiwa hiki kwa asili. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Mascarene, na Sayyid Said akawahimiza wenye mashamba kuupanda hata Unguja ikawa muuzaji mkubwa wa karafuu duniani. Ni mti mrefu, wenye mizizi isiyokwenda chini sana na matawi yanayokatika kwa urahisi. Ulipandwa kwa kuamini kwamba upepo wa hapa una adabu. Kwa tufani moja Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake, theluthi mbili kwa kadirio linalotajwa mara nyingi, na minazi isiyo na idadi. Mche mpya wa mkarafuu huchukua miaka sita au saba kabla haujazaa cha kuuzwa, na zaidi ya hapo kabla haujakamilika. Mwenye shamba aliyelala tajiri Jumapili aliamka Jumanne akiwa na ardhi, kuni na deni.

Pemba haikuguswa sana. Kabla ya hapo karafuu zake zilikuwa chache na duni kwa sifa, na Waunguja waliitazama kama ghala la mpunga na ng'ombe. Sasa bei ilipanda kwa kuwa mali ilipungua, na kila mche wa Pemba ukawa na thamani ambayo haukuwa nayo wiki iliyotangulia. Wenye mashamba, Waarabu na Waswahili kwa pamoja, walianza kupanda kule kwa nguvu, wengi kwa fedha za kukopa kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Katika muda wa kizazi kimoja Pemba iliipita Unguja kwa karafuu, na haijawahi kupitwa tangu hapo. Mengi yanayosemwa juu ya tofauti za visiwa hivi viwili yana mizizi yake katika mchana mmoja wa Aprili, ingawa wanaoyasema hawautaji.

Hapa pana uchungu unaostahili kuelezwa bila kufunikwa. Karafuu zilipandwa, zilipaliliwa na kuchumwa na watumwa. Januari 1873, miezi tisa baada ya tufani, Sir Bartle Frere alifika Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza kumtaka Barghash afunge biashara ya watumwa baharini. Sultani alitoa udhuru wa msiba: mashamba yameharibika, hazina imekauka, watu wake hawawezi kubeba pigo la pili juu ya la kwanza. Kulikuwa na Waingereza walioona kinyume, kwamba mashamba yaliyoanguka hayahitaji watumwa na kwa hiyo wakati ni huu. Wote wawili walisema nusu ya kweli. Shamba la kupandwa upya halihitaji mikono michache kuliko la kuchumwa, na Pemba ilikuwa ikiwadai watu wengi kuliko wakati wowote. Frere aliondoka bila saini. Tarehe 5 Juni 1873, chini ya tishio la kuzingirwa kwa kisiwa na manowari, Barghash alitia mkono wake mbele ya balozi John Kirk, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Magendo ya kwenda Pemba yaliendelea miaka mingi baadaye, kwa madau madogo ya usiku, na bei ya karafuu ndiyo iliyoyalipia. Mwenye kuhesabu waliokufa kwa tufani ile asiishie kwa waliozama.

Sultani asiye na merikebu, mbele ya taifa linalotishia kwa merikebu, alikuwa na maneno machache ya kusema. Hili halikumpotea Barghash. Aliagiza meli mpya kutoka Scotland, akaiita Glasgow kwa jina la manowari ya Kiingereza iliyompendeza, nayo ikafika Unguja mwaka 1878 ikiwa na milingoti mitatu na mtambo wa moshi. Wanamaji wa Uingereza hawakuiona kuwa chombo cha vita cha kuogopwa, na Sultani mwenyewe hakukifurahia kwa muda mrefu. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja, ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza mbele ya mji, katika maji yale yale yaliyoimeza ile iliyotangulia. Kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya bahari, ikapigwa picha na kila mgeni aliyepita.

Pwani hii imetembelewa tena na wageni wa aina ile, ingawa si kwa ukali ule na si mahali pale. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth, Aprili 2019, ilipita kaskazini ya Ngazidja ikaangukia Cabo Delgado, huku watu wa Mtwara wakihamishwa kwa tahadhari. Jobo, Aprili 2021, ilikuja moja kwa moja kuelekea Dar es Salaam ikafifia kabla ya kufika. Hidaya ilikuja mwanzoni mwa Mei 2024 na kuigusa Mafia. Anayeijua kalenda ya mabaharia ataona kwamba zote zimeanguka katika siku zile zile, mwisho wa maleleji na mwanzo wa kusi, wakati bahari ya pwani hii ina joto na upepo wa msimu haujashika hatamu. Huenda wazee wa Nairuzi wangepata mahali pa kuziandika, lau zingewajia mara mbili katika umri mmoja.

Safari ya Hidaya watu waliambiwa mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza njia ya tufani siku kadhaa kabla, wavuvi wakavuta ngalawa na mashua zao juu ya mchanga, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Abiria walikaa gatini na mizigo yao, wengine wakinung'unika, wakitazama bahari ambayo wakati huo ilikuwa bado shwari.